Fundi wa baiskeli za madafu, Tandika: maoni yangu baada ya kwenda Windhoek

Watu wengi wameniuliza baiskeli yangu niliinunua duka gani. Fremu niliipata kwenye kontena la mtumba. Baiskeli yenyewe, ile iliyonitoa Dar ikanifikisha Windhoek, Namibia, peke yangu na hema langu, imetengenezwa Tandika chini ya mwarobaini, na mzee mmoja asiye na kibao wala kitabu cha risiti. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka kwanza nirudi, nimpelekee gurudumu la nyuma alifungue mbele yangu, nione kilichobaki ndani. Alilifungua wiki iliyopita. Sasa naweza kusema.

Mnijue kidogo, ili mjue maoni haya yanatoka kwa mtu wa namna gani. Nina miaka 41, nakaa Mbagala, nashona sare za shule. Kazi yangu ina msimu wake: Novemba mpaka Januari silali, ni mashati, sketi na kaptula, halafu kuanzia Machi cherehani inapumua. Miezi hiyo ndiyo naendesha baiskeli. Nilianza na Kisarawe, kwenda na kurudi. Nikaenda Bagamoyo. Mwaka uliofuata nikajifunga kwenda Lindi na hema, kwa baiskeli mpya inayong'aa niliyouziwa dukani mjini, na spoku 6 zilikatika kabla sijaliona daraja la Mkapa. Sita! Lindi nilifika juu ya lori lililokuwa linarudi Mtwara tupu, baiskeli imelala nyuma kama mgonjwa, na njia nzima nilikuwa nawaza kwamba kosa ni langu, kwamba mwanamke na mzigo mzito na barabara ndefu ni mambo yasiyopatana.

Halikuwa kosa langu. Aliyenionyesha hivyo ni kijana muuza madafu pale Rangi Tatu. Nilisimama kunywa dafu, nikaangalia gurudumu lake la nyuma, ringi imenyooka kama sahani, na juu yake kuna madafu mengi kiasi kwamba yeye mwenyewe upande wa pili simwoni. Nikamwuliza, "Kaka, gurudumu hili anakusukia nani?" Akanielekeza Tandika.

Fikirini kidogo. Muuza madafu anapakia usiku, anasukuma kuanzia alfajiri, anapanda vibaraza, anashuka mitaro, jua linamchoma, chumvi ya pwani inakula chuma chake mwaka mzima. Gurudumu likivunjika, mtaji wote umemwagika barabarani. Hapa mjini sijaona mtu anayeijua baiskeli ya mzigo kumshinda huyo. Na mzee ninayemwandika hapa, wateja wake wakubwa ndio hao.

Siku ya kwanza nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mbao kilichokatwa miguu, anachonga kiraka.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pancha?"

Nikamwambia si pancha, nataka kwenda Namibia kwa baiskeli. Hakushangaa. Wala hakuniuliza mume wangu anasemaje, swali nililokuwa nimelichoka. Aliuliza, "Mzigo kilo ngapi?" Sikujua. Akarudi kwenye kiraka chake. "Kalete mzigo wote, na maji yawe ndani ya chupa. Mimi sisuki gurudumu la mtu nisiyejua anabeba nini."

Kesho yake nikaenda na bodaboda, hema, godoro la kupuliza, blanketi, jiko dogo la petroli, sufuria, nguo, chupa za maji. Akaazima mizani ya ndoano kwa jirani yake wa vyuma chakavu. Kilo 27. Akatoa nguo kidogo kidogo, akaning'iniza tena, mpaka ikasoma 24, zile nyingine akanirudishia mkononi. Kisha akanipima mimi kwa macho. Sijawahi kuona duka la baiskeli mjini, hata lile la bei kubwa, likimpima mteja na mzigo wake kabla ya kumwuzia kitu.

Baiskeli niliyompelekea ni ya mlima, fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 26, breki za kubana ringi, gia 3 mbele na 7 nyuma. Niliinunua shilingi 230,000. Mafundi wawili kabla yake walinishauri nichukue ya kisasa yenye breki za diski za mafuta. Yeye alikataa. Breki ya mafuta ikivuja, nani atakufungulia njiani? Waya wa breki unauzwa kila soko.

Hapa nikae kidogo kwenye saizi, maana nimeona watu wakiumia. Tairi lililoandikwa 26 si lazima liingie kwenye ringi ya 26. Namba ya kuangalia ni ile ndogo ya milimita iliyochapwa ubavuni. Baiskeli ya mlima ya inchi 26 ni 559. Raleigh za zamani za inchi 26 ni 590, na hizo mbili haziingiliani hata ukilazimisha kwa spana tatu. Phoenix ya inchi 28, ambayo unaikuta karibu kila kijiji, ni 635, wakati baiskeli nyembamba za kisasa ambazo nazo zinaitwa 28, au 700, ni 622. Mtu akitoka na baiskeli ya 622 akidhani akifika kijijini atavaa tairi la Phoenix, safari yake itaishia hapo. Mzee hazijui namba hizi. Anavuta ukingo wa tairi kwa kidole, anautazama mduara, anasema "hii ya mlima, hii ya Raleigh," na mara zote nilizomhakikishia kwa kusoma ubavuni alikuwa sahihi. Alisema nibaki na ya mlima, na alinichagulia tyubu zenye valvu ya gari ili nijaze upepo kwenye kituo chochote cha mafuta. Njia nzima, Karonga ya Malawi, Chipata na Choma za Zambia, Rundu ya Namibia, matairi ya saizi yangu niliyaona yamening'inia madukani.

Sasa gurudumu. Kama mna haraka, rukeni yote mengine msome hapa.

La nyuma lilikuwa na spoku 32 nyembamba. Alizikata zote kwa mkasi wa bati, akachimba kwenye rundo lake habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya matundu 36, akaniagiza ringi ya alumini yenye kuta mbili, na spoku nene mpya. Kila spoku inavuka wenzake watatu kabla ya kufika kwenye ringi. Nilikaa nikamtazama kwa macho ya mshonaji. Kwenye cherehani kuna uzi wa juu na uzi wa chini, na mmoja ukikaza kumzidi mwenzake mshono unajikunja. Gurudumu la nyuma lina shida hiyo hiyo, ila lenyewe limezaliwa nayo: upande wa kulia kuna kasheti ya gia, yale meno ya nyuma yanayovaa cheni, nafasi ni finyu, kwa hiyo spoku za kulia husimama wima zaidi na lazima zikazwe kuliko za kushoto ndipo ringi ikae katikati. Za kushoto hubaki na ulegevu. Na spoku iliyolegea inavutwa na kuachiwa, inavutwa na kuachiwa, kila mzunguko, mpaka shingo yake, pale inapojikunja kwenye habu, inachoka. Mimi nilidhani spoku inakatika kwa uzito. Inakatika kama waya unaoukunja na kuukunjua mara elfu. Zile sita za njia ya Lindi zote zilikatikia shingoni, nilikuwa nazo kwenye kopo, nikamwonyesha, akazipanga kiganjani moja moja akanieleza hivyo.

Dawa yake ni kukaza za kulia mpaka karibu na mwisho wa uwezo wa ringi, ili hata zile za kushoto zibaki na mvuto wa kutosha. Anazigonga kwa ukucha zikilia, anasikiliza. Ya kulia inalia nyembamba, ya kushoto nzito kidogo, lakini za upande mmoja zote lazima zilie sauti moja. Kisha anazibana mbili mbili kwa viganja vyake kwa nguvu zote, gurudumu linapasuka sauti, kwa-kwa-kwa, spoku zinajikalisha mahali pake. Anakaza tena. Anabana tena. Mpaka akibana hasikii kitu. Kazi hiyo ya kubana ndiyo ambayo duka lililoniuzia baiskeli ya kwanza halikuifanya, maana nakumbuka vizuri zile siku mbili za mwanzo gurudumu lilivyokuwa likilia lenyewe barabarani.

Lilipokamilika, likizunguka bila kugusa upande wowote, akalifungua lote. Spoku 36 na chuchu zake, vile vinati vya kuzikazia, akazimwaga kwenye gunia mbele ya miguu yangu.

"Haya, sasa wewe."

Nikadhani ananipima moyo. Hapana. "Huko Namibia ukiita fundi, ataitika nani?" Mara ya kwanza nilichukua saa 4 na ringi ikatoka imepinda kama chapati. Akaifungua. Mara ya pili, siku iliyofuata, nilikosea tundu moja tu la mwanzo na kosa hilo likatembea mpaka mwisho, kama unapokata kitambaa kwa kipimo kibaya. Akaifungua. Siku ya tatu nilisuka, nikakaza, nikabana, na yeye akamalizia kwa robo mzunguko hapa na robo mzunguko pale. Gurudumu hilo ndilo nililoondoka nalo. Kwa siku zote tatu hakunidai hata senti ya mafunzo. Alinidai 20,000 ya kusuka, kama vile amesuka mara moja.

Pia alinifundisha kupima cheni. Kila pingili ni nusu inchi, kwa hiyo pingili 24 ni inchi 12 kamili. Unaweka rula; cheni ikishavuka inchi 12 kwa moja ya kumi na sita, ibadilishe kabla haijala meno ya kasheti. Nilibadilisha Lusaka kwa kipimo hicho, na kasheti yangu bado inaishi.

Sasa malalamiko, na ninayo ya kweli.

La kwanza ni muda. Alisema wiki moja, ikawa tatu. Simu hapokei akiwa na mikono michafu, na mikono yake ni michafu mchana kutwa. Mtu mwenye tarehe ya viza au tiketi asimwachie kazi siku za mwisho.

La pili ni kasheti. Hana kifaa cha kuifungulia. Alitaka kuitoa kwa patasi na nyundo, na kabla sijamkamata mkono alikuwa ameshachubua ile nati ya kufungia. Kwa baiskeli za madafu haina shida, hazina kasheti. Kwa baiskeli ya gia ni hatari. Nilikwenda kununua kifaa hicho mwenyewe, kidogo kama kidole gumba, na nilipokileta alikigeuza mkononi kwa muda mrefu, akakata kipande cha cheni mbovu akakifunga kwenye bapa la chuma ili kishikilie kasheti isizunguke wakati unafungua. Bapa hilo ninalo mpaka leo. Ila nasema wazi: nendeni na kifaa chenu.

La tatu, mafuta. Anapaka cheni oili chafu ya gari. Kwenye vumbi inageuka msasa. Nilimwambia, tukabishana, hakukubali. Grisi pia nunueni wenyewe, kopo dogo jipya, mkabidhi mkononi.

Na tulibishana juu ya keria. Yeye alitaka ichomelewe moja kwa moja kwenye fremu, kama anavyowafanyia watu wa madafu. Mimi nilikataa, kwa sababu bomba za fremu yangu ni nyembamba kuliko za Phoenix na moto wa kuchomelea ungezidhoofisha pale pale kwenye mzigo. Alinuna. Asubuhi yake akaja na wazo lingine: keria ya nondo laini, miguu yake inafungwa kwa boliti chini, na juu inashikwa kwa vibanio viwili vilivyozungushiwa mpira wa tyubu ili visikwaruze. Fundi wa kuchomelea wa jirani akaitengeneza kwa 40,000. Ni nzito kuliko keria za alumini zinazouzwa mjini, kwa kilo nzima nadhani. Lakini alumini ikikatika kijijini hakuna wa kuichomelea, na chuma kinachomelewa popote penye mashine na umeme. Katika ubishi huu nasema tulishinda wote wawili.

Mifuko ya pembeni nilikata mwenyewe kwa turubai la lori. Cherehani yangu haipenyi turubai, nikampelekea fundi wa viti vya magari. Imekaa vizuri, haivuji, sina la kuongeza.

Nilitoka Dar mwanzoni mwa Juni, masika yameisha. Kimara mpaka Kibaha ni kazi ya kuomba Mungu, malori na mabasi. Mikumi niliivuka ndani ya basi. Barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa karibu kilomita 50 na wanyama wapo kweli. Mlima wa Kitonga niliupanda kwa gia ndogo kabisa na nilishuka kusukuma sehemu mbili, na keria haikutingishika. Breki nilizipima Tukuyu. Kutoka pale kwenye chai na migomba mpaka joto la Kyela unateremka karibu mita elfu moja, na siku hiyo ilinyesha. Niliposimama chini raba za breki zilikuwa zimelika nusu, lakini ringi baridi na waya umeshika. Nikavuka mpaka wa Kasumulu jioni hiyo. Malawi, Zambia na Namibia hazikunidai viza kwa pasipoti yetu, jambo ambalo Watanzania wengi niliowaambia hawakulijua.

Malawi ndiko nilikoelewa thamani ya mzee wangu. Kule baiskeli ni teksi, wanaziita kabaza, abiria anakaa kwenye keria iliyowekwa mto. Kila kituo nilichosimama, Karonga, Chitimba, Nkhata Bay, vijana wa kabaza walikuja kuishika keria yangu, wanaipiga kofi, wanainama kuangalia vibanio. Hakuna aliyeitazama fremu. Mmoja alizigonga spoku kwa ukucha kama anavyofanya mzee, akatikisa kichwa kukubali. Upepo wa ziwani ulinipiga usoni siku tisa. Wao wanauita mwera. Ni ule ule wa kutoka kusini ambao sisi pwani tunauita kusi, na huko nako unafika miezi hii hii.

Kulala nililala kama nilivyojifunza njia ya Lindi: saa kumi jioni naanza kutafuta watu, sio kichaka. Naomba kwa mwenyekiti au mkuu wa kijiji, shuleni, kanisani, kituo cha polisi. Hema kwenye uwanja wa shule ya msingi, mabomba ya maji karibu, asubuhi watoto wamekuja kutazama. Mara nyingi nilipewa chakula: nsima Malawi, nshima Zambia, oshifima Namibia kaskazini, na kila mara mkono wangu ulijua la kufanya.

Zambia, kati ya Livingstone na Sesheke, barabara ilikuwa imeliwa na mashimo. Nilikuwa nakwepa hili naingia lile. Siku ya 47, saa tisa mchana, nikasikia "ting", na gurudumu la nyuma likaanza kugusa breki. Nilijua kabla sijashuka. Mwili wote ulinirudisha kwenye ile barabara ya Lindi, nikasimama pale nimeshika usukani, sisogei, pande zote mbili miti ya mopane na hakuna gari.

Kisha nikafanya nilichofundishwa. Mizigo chini. Baiskeli kichwa chini. Nikapapasa spoku moja moja: ilikuwa ya kushoto, kwa hiyo kasheti haikuguswa. Spoku za akiba 8 zilikuwa ndani ya bomba la kiti, nimezifunga kwa utepe wa sare. Nikatoa tairi, nikachomoa kipande kilichokatika, nikapitisha mpya, juu ya wawili, chini ya wa tatu, nikakaza, nikazungusha gurudumu nikitumia raba za breki kuwa kipimo, nikagonga kwa ukucha, nikasikiliza na jirani zake. Dakika 50. Nilipotazama juu palikuwa na mama mmoja amesimama na ndoo kichwani, sijui alikuwa pale tangu lini. Akaitua ndoo, akanishikia baiskeli nikipakia. Usiku huo nililala uani kwake.

Hiyo ndiyo spoku pekee iliyokatika kutoka Dar mpaka Windhoek.

Baada ya hapo nilivuka Zambezi kwenye daraja la Katima Mulilo, lililofunguliwa mwaka 2004, nikaingia Namibia. Ukanda wa Caprivi, kati ya Kongola na Divundu, barabara inapita ndani ya hifadhi ya Bwabwata karibu kilomita 200, vibao vya tembo kila baada ya muda. Tofauti na Mikumi, humu kuna watu wanaoishi, na nilikwenda mchana tu, kijiji kwa kijiji. Maji nilibeba lita 10. Hapo mzigo ulizidi zile kilo 24 tulizopima na nilikuwa na wasiwasi, lakini lami ni nzuri na ringi haikuyumba. Kusini ya Rundu nilipata pancha 7 kwa siku mbili, zote za mbigili, zile zile tunazozikanyaga huku kwetu. Msasa, gundi, subiri ikauke mpaka isinate kidoleni, kiraka. Wengi wanakosea pale kwenye kusubiri. Baridi ya usiku, hiyo sikuwa nimejiandaa nayo. Mtu wa Mbagala hajui maana ya kukuta barafu juu ya hema mwezi wa Agosti, na zile nguo nilizorudishiwa Tandika nilizikumbuka. Kando ya barabara kuu wameweka meza za zege chini ya miti kwa wasafiri kupumzika. Nilikula pale, nikafua pale, nikawaandikia wanangu pale.

Windhoek nilifika siku ya 73. Nilirudi kwa mabasi.

Wiki iliyopita nikampelekea gurudumu. Alifungua habu, akamwaga gololi 18 kwenye kifuniko cha kopo, akazifuta, akazitazama juani. Zote nzima. Grisi imekuwa nyeusi. Koni moja ya kulia ina alama ndogo, akasema itabadilishwa kabla ya safari nyingine. Kisha nikampa kile kipande cha spoku kutoka barabara ya Sesheke, nilikitunza kwenye kopo pamoja na zile sita za zamani.

Alikaa nacho muda. Akagonga spoku za kushoto zilizokuwa jirani yake.

"Hii hukuivunja wewe," alisema. "Hapa niliacha robo mzunguko. Nilikuona umechoka, nikakuachia."

Akabadilisha ile moja na mbili za kila upande wake, akakaza zote za kushoto upya, akabana, akasikiliza, akabana. Pesa alikataa. Kile kipande akakipachika kwenye msumari wa mwarobaini, kwenye rundo la vipande vingine vya watu wa madafu.

Anafungua saa moja asubuhi, Ijumaa anafunga kabla ya swala na harudi. Ukienda, nenda na grisi yako, kifaa chako cha kasheti, na mzigo wako wote ukiwa na maji ndani ya chupa, maana bila huo mzigo atakurudisha nyumbani ukaulete.